Nilidhani ni kota

Mara ya kwanza kuliona hilo neno nilikuwa kwa gari ya kazi na dada mmoja wa Zimbabwe, tumetoka kumuosha mzee wetu wa saa mbili tunaenda kwa yule wa saa nne, hizi barabara nyembamba za Aberdeenshire, huku Uskoti, ng'ombe weusi upande huu shayiri upande ule, na kwa geti ya shamba moja kuna kibao kimepigiliwa: Cottar House, inakodishwa kwa watu wa likizo. Nikamwambia dada, ona, kumbe hata hawa wako na kota!

Kwa wale hawajakulia kwa kota, kota ni nyumba ya kazi. Kota za reli, kota za polisi, kota za walimu, kota za shamba la chai. Nyumba za mstari zinazofanana mpaka mlevi anaingia kwa jirani, na sheria moja ambayo mtoto anaijua kabla hajajua kusoma, kwamba hapa si petu, baba akiachishwa kazi mwisho wa mwezi mnatoa vitanda nje. Neno lenyewe tumelitoa kwa Kiingereza, quarters, na ukilifuata nyuma unafika kwa Kilatini cha nne na robo. Kwa hivyo mimi nilisoma cottar nikasikia kota, nikafunga hiyo mambo kwa kichwa, tukaendelea.

(Mamangu naye mpaka leo anaambia watu wa kanisa niko Aberdare. Nimemweleza mara ngapi kwamba Aberdare ni ile milima yetu ya Nyandarua na mimi niko Aberdeen, anasema si ni hao hao tu.)

Sasa tuna mzee wa Jumanne. Ana miaka tisini na kitu, amefanya kazi ya shamba maisha yake yote, mikono yake bado ni mikubwa kuliko yeye. Ananiita quine, yaani msichana kwa lahaja yao ya huku, na mimi nina miaka arobaini na moja na sijamkatalia. Siku moja nikimvalisha soksi nikamuuliza, hizi nyumba zenu za quarter, wewe ulikaa? Akaniangalia kama nimemtukana. Si quarter, quine. Ni cot. Akafanya mikono yake paa, hivi, ncha za vidole zimegusana.

Kibanda. Cot kwa Kiingereza cha zamani kabisa ni kibanda, kijumba. Cottage imetoka hapo hapo. Hata nyumba ya njiwa wanaiita dovecote na zizi la kondoo sheepcote, ni mzizi mmoja, kwa hivyo huyo mkaaji wa kibanda jina lake limelala pamoja na njiwa na kondoo. Usichanganye na cot ile ya kulaza mtoto, hiyo ni neno la Kihindi walilotoka nalo India. Makarani wa zamani walioandika Kilatini wakachukua cot wakaibandika mkia wao wakapata cotarius, mtu wa kibandani, na huko Uskoti likabaki cottar, nao wanalitamka karibu sana na vile sisi tunasema kota. Yaani nilikosea neno nikapata maana. Maana mzee alivyoendelea kueleza, ni kota kabisa ya kwetu, tofauti ni mvua.

Babake alikuwa cottar. Mwanamume aliyeoa, ameandikwa kwa mwaka mmoja, kuanzia tarehe 28 Mei mpaka 28 Mei. Vijana ambao hawajaoa walilala kwa chumba kimoja karibu na farasi, lakini ukiwa na bibi unapewa nyumba, vyumba viwili, cha jikoni na cha ndani, na sehemu ya mshahara si pesa, ni unga wa oti, ile nafaka ya uji, na viazi, na maziwa. Posho! Nikamwambia sisi tunaita posho. Akalirudia mara tatu, posho, posho, posho, akalipenda.

Na nyuma ya nyumba, kale. Hapa nilisimamisha soksi. Kijishamba cha nyuma ya nyumba ya cottar wanakiita kailyard, shamba la kale, na kale ni nini kama si sukuma wiki, ni mmea ule ule jamani, wa kwao umejikunja tu kwa baridi. Karne ya 18 huko nyanda za chini za Uskoti cottar alipewa na mkulima mkubwa kibanda, sukuma ya nyuma ya nyumba, vipande vichache vya ardhi, labda nafasi ya ng'ombe mmoja, na yeye analipa kwa mgongo wake. Halafu mabwana wakaanza kuboresha mashamba, wakayaunganisha yakawa makubwa, na wa kwanza kuondolewa walikuwa hao. Wengi walienda bila hata stori ya kusimuliwa. Watu wanajua kuhusu waliofukuzwa kule juu milimani, hawa wa chini hawasemwi sana.

Lakini kitu kilichonibakia kwa hiyo asubuhi ni kuulizwa. Mzee alisema hivi: kukikaribia mwezi wa tano, mwenye shamba akitaka ubaki atakuja akuulize, utakaa mwaka mwingine? Asipokuuliza, umejua. Hakuna barua, hakuna kufukuzwa, hakuna kelele. Anapita tu, anakusalimia, anaongea habari ya mvua, na siku zinakwisha. Mamake alikuwa anasikiliza hatua za viatu huko nje. Halafu tarehe 28 barabara zote zimejaa mikokoteni, kabati, magodoro, kuku kwa sanduku, familia zinapishana, huyu anaingia kwa kibanda ambacho yule ametoka asubuhi na jiko bado liko na joto. Watoto wanaanza shule nyingine. Yeye mwenyewe amebadilisha shule sita.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Mimi nikishika kitu usiku sikiachi, na zamu yangu ya kesho yake ilikuwa ya mchana.

Kuna kile kitabu kikubwa cha hesabu ambacho mfalme William wa Uingereza aliamuru kiandikwe, kilimalizwa 1086, nani ana nini, jembe ngapi, nguruwe ngapi, kinu kiko wapi. Uskoti haimo, ni Uingereza tu. Mle ndani watu wa chini wamepangwa kwa makundi. Kuna villani, zaidi ya laki moja, hao ndio wa kijiji wenye vipande vya maana. Kuna bordarii, zaidi ya 80,000, na hao pia wamepewa jina la kibanda, borde, kwa Kifaransa cha zamani. Na kuna cotarii, elfu tano na kitu tu, mwisho mwisho huko, juu ya watumwa. Wanaume wamehesabiwa, wake na watoto wao wako ndani ya kibanda, hawahesabiwi.

Angalia hilo neno villanus kwanza, halafu tutaendelea. Lilikuwa na maana ya mtu wa shambani, basi. Miaka ikaenda, mabwana wakalitumia kwa midomo yao, likawa villain, jambazi, adui kwenye sinema. Mtu wa shambani akageuka mtu mbaya. Nasi tusijifanye wasafi, mshamba ni nani? Ni mtu wa shamba, basi, na nenda umwite mtu mshamba ndani ya matatu ya Rongai uone kama utashuka na meno.

Turudi kwa kibanda. Kuna andiko lingine la Kiingereza cha zamani, la karibu na mwaka 1000 hivi, linapanga haki na kazi za kila mtu kwa shamba la bwana, mchunga nyuki, mchunga nguruwe, mwanamke wa jibini, wote. Humo anaitwa kotsetla, mkaaji wa kibanda. Kwa mashamba mengine anapaswa kumfanyia bwana kazi kila Jumatatu mwaka mzima, na wakati wa mavuno siku tatu kwa wiki. Anapewa angalau ekari tano, na mwandishi anaongeza, kama mtu aliyeona shida kwa macho yake, kwamba zikipungua hapo ni kidogo mno kwa sababu kazi yake ni ya mara kwa mara. Halafu analipa senti ya jiko lake siku ya Kupaa, kama mtu huru yeyote. Mtu huru! Na Jumatatu zake si zake.

Hiyo Jumatatu ndiyo ilinifanya nichukue kalamu. Wiki 52, Jumatatu 52, ongeza zile za mavuno, hata ukizidisha hufiki siku mia. Sasa weka kando uchukue sheria ya Kenya ya 1918, ile ya wafanyakazi wenyeji wanaoishi kwa mashamba ya wazungu. Ilisema ukitaka kukaa kwa shamba la mzungu, ulime kidogo na ulishe mbuzi wako, lazima umfanyie siku 180 kwa mwaka. Mia na themanini. Ndiyo, kulikuwa na mshahara, mdogo kuliko wa kibarua wa kawaida, sitasema hakukuwa. Lakini yule wa kibandani wa mwaka 1000, ambaye watoto wa shule Uingereza wanafundishwa kumhurumia, alidaiwa karibu nusu ya alichodaiwa babu ya mamangu huko Molo. Na haikuishia hapo, 1937 sheria ikabadilishwa tena, mabaraza ya masetla yakapewa nguvu ya kupandisha siku mpaka 240 na hata 270, na kupunguza mifugo na ekari. Mwaka una siku ngapi kwani?

Na hao waliitwa nani? Skwota.

Hili neno limenikera tangu nikiwa mdogo na sasa najua sababu. To squat ni kuchuchumaa. Skwota ni mtu aliyechuchumaa mahali si pake, amevamia, anangoja kuambiwa ainuke. Lilitoka Afrika Kusini likaja na masetla. Lakini wale watu hawakuvamia, walitafutwa! Mzungu amepewa maelfu ya ekari hana mikono, anatuma watu mpaka Kiambu, njooni, malisho yapo, kondoo wenu waje pia, na Wakikuyu waliokuwa wamebanwa huko wakaenda, na Wakipsigis, na Wanandi ambao wengine mashamba yenyewe yalikuwa yao juzi. Wakafyeka pori, wakalainisha udongo. Halafu mifugo yao ilipokuwa mingi kikaja kile walichokiita kifagio, miaka ya 1920 ikielekea mwisho, ng'ombe na mbuzi wao wakafagiwa kutoka kwa mashamba, na hilo jina si la serikali, ni la wenyewe, wamelitoa kwa Kiswahili wakalishika. Kifagio. Ukitaka kujua mtu ameonaje kitu, sikiliza amekiita nini.

Basi mwingereza wa kale alimtaja huyu mtu kwa kibanda chake. Mkoloni akamtaja kwa vile amekaa. Na Wakikuyu wenyewe walikuwa na maneno yao kabla ya hayo yote, na hapo ndipo mambo yananoga. Kuna muhoi, wengi wakiitwa ahoi, linatoka kwa kuhoya, kuomba, ndilo lile lile la kuomba Mungu. Muhoi ameomba sehemu ya kulima kwa ardhi ya mbari nyingine, kwa urafiki, halipi kodi, lakini analeta pombe ya heshima na anafika kusaidia mwenye shamba akijenga. Halafu kuna muthami, yeye amepewa kulima na pia kujenga. Huyo ndiye hasa mwenzake cottar, ana kibanda kwa ardhi ya mtu. Na muthami ni mtu aliyehama. Kwa hivyo sisi hatukumwita kwa kibanda wala kwa makalio, tulimwita kwa vile alivyofika. Aliomba. Alihama. Hayo ni mambo yanaweza kumpata mtu yeyote, hata mwenye ardhi.

Sisemi ilikuwa peponi. Ahoi walifukuzwa pia, hasa ardhi ilipoanza kuwa na bei, na wengi walioenda Bonde la Ufa kuwa skwota walikuwa ahoi waliokosa pa kuomba. Lakini ona tofauti hii ndogo: kule kwetu maskini ndiye anauliza, na akishauliza amejibiwa mbele ya watu na pombe imenyweka. Huku Aberdeenshire maskini anangoja kuulizwa, na jibu ni kimya.

Najua hicho kimya. Mimi pia naishi nyumba ya kazi. Kampuni ndiyo imekodisha, tuko wanne, kodi inakatwa kabla mshahara haujafika, na visa yangu imesimama kwa jina lao. Kila ikikaribia mwisho nangoja imeili, na meneja akinipita kwa korido anaongea habari ya mvua. Sitaandika zaidi hapo, mnajua kwa nini.

Nirudi kwa cottar, manake kuna mahali waligoma kungoja. Ile sheria maarufu ya 1886 ya mashamba madogo ya Nyanda za Juu za Uskoti iliwapa crofter usalama, huyo ana kipande chake anakilipia kodi, basi asifukuzwe ovyo. Cottar hakuwa na kipande, kwa hivyo hakukuwa na kitu cha kumlindia. Alibaki kwa mlango wa sheria akichungulia. Miaka kama ishirini baadaye, 1906, cottar wa kisiwa cha Barra wakavuka maji wakaingia kisiwa cha Vatersay, kilikuwa shamba moja la mifugo, mwenyewe haishi huko, wakapanda viazi. Wakajenga vibanda. Walishika imani ya zamani kwamba ukisimamisha kibanda na ukawasha moto jikoni kabla siku haijaisha, hapo ni pako. 1908 kumi kati yao wakapelekwa jela Edinburgh, miezi miwili, nchi ikapiga kelele wakatolewa mapema, na 1909 serikali ikanunua kisiwa ikawagawia.

Nilisoma hayo usiku saa nane nikacheka peke yangu, manake miaka hiyo hiyo meli zilikuwa zinapeleka masetla Mombasa.

Leo cottage ni nyumba ya raha. Ile Cottar House ya geti nimeitafuta kwa simu, vyumba viwili vile vile, wamebomoa ukuta, wameweka jiko la kuni la kioo na beseni la maji moto nje pale ambapo naapa palikuwa pa kale, pauni 140 kwa usiku mmoja. Picha ya mwisho ni ya kikapu cha skonzi.

Jumapili nikampigia shosho, nyanya yangu. Yeye alizaliwa kwa mzungu, ndivyo anavyosema, kwa mzungu, hajawahi kutumia neno skwota hata siku moja. Nikamweleza yote, kibanda, Jumatatu, posho, sukuma ya nyuma. Alisikiliza vizuri, akisema ĩĩ, ĩĩ. Kwa pauni 140 akaniambia nibadilishe kwa shilingi. Nikabadilisha.

"Walipe hizo ndio walale nyumba ya kibarua?"

"Ndiyo, shosho. Wanapenda."

Akanyamaza nikadhani bando imeisha. Halafu akauliza, "Na hao wa zamani, mami, wakihama mlango walikuwa wanaacha?"

Sikuelewa. Ndio akanipa hii stori ambayo sijawahi kuisikia, na nimemjua huyu mama maisha yangu yote. Walikuwa wanahama shamba moja kwenda lingine, baada ya vita vya Hitler, babake alikataa kuweka kidole kwa mkataba mpya wa siku nyingi. Yeye alikuwa kama miaka kumi. Kuta ni za matope, paa ni nyasi, hizo unaacha, lakini mlango babake alikuwa ameutengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku, mwaka mzima akiokota kipande kimoja kimoja. Asubuhi ya kuondoka nyapara akasema mlango ni wa shamba. Babake hakujibu. Akautoa kwa bawaba za ngozi, akaulaza ndani ya lori, akawaambia watoto wakae juu yake, na shosho anasema alikaa juu ya huo mlango mpaka walikofika, na msumari mmoja ulikuwa unamchoma na hakusonga.

Nikamwambia huku pia. Kule visiwani hakuna miti, kwa hivyo mbao za paa ndizo zilikuwa mali ya mtu, akihama anazibeba begani mpaka kwa kibanda kingine. Na walipokuwa wanafukuzwa kule Strathnaver, 1814, watu wa bwana walichoma hizo mbao ili wasiweze kujenga tena.

"Hao walijua," shosho akasema, na sikujua anasema wabebaji ama wachomaji.

Nikamuuliza huo mlango uko wapi sasa. Akashangaa kwamba sijui. Uko kwa kibanda cha kuku, nimeufungua tangu nikiwa na miaka minne kutoa mayai, upande wa chini umeliwa na mchwa na juu bado kuna herufi za sanduku, nusu ya neno, nilikuwa nadhani ni jina la dawa ya kuku.

Halafu akaniuliza kama mimi huku niko na ufunguo wangu. Nikamwambia tuko na mmoja, sisi wanne, tunauacha chini ya chungu cha maua.